Jibu: Rubani mwanafunzi na utafiti wa hali ya hewa

Mkuu, umeuliza kwa nini mwanafunzi wa urubani asome utafiti wa hali ya hewa ilhali utabiri anapewa kabla ya kuruka. Utabiri unakuambia kuna radi. Utafiti ndio uliotufundisha radi hiyo inaifanya nini ndege iliyo karibu na ardhi.

Chukua ajali ya Eastern 66, ndege ya abiria ya shirika la Eastern la Marekani, New York, Juni 24, 1975. Walikufa watu 113. Mtafiti Tetsuya Fujita aliichunguza, akasema hewa baridi ilishuka kwa kishindo kutoka winguni na kutawanyika kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Wengi walimpinga, mpaka rada zilipouonyesha mshuko huo kwenye majaribio ya 1978 na 1982.

Sasa tazama mtego wenyewe. Unatua, ghafla upepo unakupiga usoni, mwendo unapanda, mkono unataka kupunguza nguvu ya injini. Ukipunguza umekwisha: sekunde chache baadaye hewa inakukandamiza chini, kisha upepo unageuka kuja nyuma na mwendo unaporomoka.

Ndiyo maana marubani wa ndege za abiria hurudia jambo hili kwenye simuleta, yaani mashine ya kuigiza urukaji: nguvu zote, pua juu, magurudumu na flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) usiviguse mpaka utoke. Mwili hauyajui hayo wenyewe, lazima ufundishwe. Nawe mwanafunzi kwenye ndege ndogo, dawa yako ni kutolisogelea kabisa wingu la radi. Subiri lipite, hata kama umechelewa.