Dozi Ndogo za Uyoga na Sonona

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba kumeza kiasi kidogo sana cha silosibini, kemikali iliyomo katika baadhi ya uyoga, kila baada ya siku chache huondoa sonona bila kumlevya mtu. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, hilo halijathibitishwa. Katika utafiti wa Imperial College London uliochapishwa mwaka 2021, washiriki 191 hawakujua kama walimeza dozi ndogo au kidonge kitupu, na makundi yote yalipata nafuu inayokaribiana, jambo linaloonyesha nguvu kubwa ya matarajio. Matokeo ya kutia moyo zaidi yametokana na dozi kubwa, zinazotolewa chini ya uangalizi wa wataalamu. Nakusihi usiache dawa ulizoandikiwa. Na ikiwa unatumia lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, usijaribu silosibini kabisa, kwani mchanganyiko huo umehusishwa na degedege.