Kazi isiyorudiwa haimfundishi mtoto kuandika

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: kazi za kusoma na kuandika wanazopewa watoto katika somo la Kiswahili, kuanzia darasa la sita hadi kidato cha pili, zinawajenga kweli au zinajaza madaftari tu? Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Rungwe, mkoani Mbeya. Nimefundisha shule ya msingi, sasa nipo sekondari na vidato vya kwanza na vya pili ndivyo vyangu. Jibu langu ni kwamba nyingi ya kazi hizo hazimfundishi mtoto kusoma wala kuandika, kwa sababu tunazikatisha pale pale ambapo kujifunza kungeanza. Mtoto anaandika, mwalimu anasahihisha, alama inakaa juu ya ukurasa kwa wino mwekundu, ukurasa unafunuliwa, Jumatatu inakuja mada nyingine. Hakuna anayeirudia ile ya kwanza, na ile ya kwanza ndiyo yenye makosa yake yote.

Nianze na ufahamu, maana huo unatudanganya kuliko kazi nyingine. Someni sentensi hizi nilizozitunga bila maana yoyote: "Mkudu alilambatisha vibuzo vitatu kwenye mtalembe. Vibuzo viwili vilitwezuka, lakini cha tatu kilibaki kikidongoya." Haya, jibuni. Mkudu alilambatisha vibuzo vingapi? Vingapi vilitwezuka? Cha tatu kilibaki kikifanya nini? Kila msomaji wa gazeti hili amepata tatu kwa tatu, na hakuna anayejua kibuzo ni kitu gani. Viambishi vya Kiswahili vinamshika mtoto mkono mpaka kwenye jibu: akiona "vingapi" anatafuta "vitatu". Mtoto wa darasa la sita mwenye macho mepesi atapita hivyo mwaka mzima, na sisi tutaandika "Vizuri sana" chini ya kazi yake. Kisha anaingia kwenye mtihani wa darasa la saba ambao sehemu yake kubwa ni kuchagua herufi ya jibu sahihi. Ndiyo maana tunampokea kidato cha kwanza akiwa na alama nzuri ya Kiswahili, lakini ukimwambia "nieleze ulichosoma" anakutazama tu.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kusoma mara ya pili kwa shabaha nyingine. Mara ya kwanza nasoma mimi kwa sauti, kwa kuwa vitabu havitoshi na wanne wanaangalia nakala moja. Tunajibu maswali ya kitabu haraka haraka. Halafu tunarudi mwanzo wa habari, na kila mmoja anatakiwa kuandika swali moja ambalo jibu lake haliwezi kunyofolewa kutoka kwenye sentensi yoyote ya habari ile.

Kuna siku tulisoma habari fupi ya mkulima wa viazi anayemuuzia dalali kwa lumbesa, yaani gunia lililofungwa likaongezewa kilemba juu, ujazo ambao Sheria ya Vipimo inaukataza. Maswali yaliyotayarishwa yalikuwa yale yale: aliuza magunia mangapi, dalali alitoka wapi, taja faida mbili za zao la viazi. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, akaandika: "Kama alijua anapunjwa, kwa nini alikubali?" Nililisoma swali lake mbele ya darasa, na darasa likachachamaa. Mmoja akasema barabara ilikuwa imeharibika kwa mvua, lori likiondoka halirudi. Mwingine akasema viazi vikishachimbwa haviwezi kukaa vikingoja bei. Mwingine akasema ilikuwa Januari, watoto wanatakiwa shule. Hayo yote hayakuwemo kwenye habari. Walikuwa wanaijaza habari kwa kile wanachokijua wenyewe, na kusoma ni huko. Baada ya hapo niliwapa robo saa waandike jibu la swali la mwenzao, na aya zilizotoka zilikuwa na "kwa sababu", "ingawa" na "hata kama", viunganishi ambavyo nilikuwa nimevifundisha ubaoni bila mafanikio yoyote.

Sasa insha. Mada tunazozirithi kutoka mwaka hadi mwaka mnazijua: faida za misitu, umuhimu wa elimu, safari ya kwenda Dar es Salaam. Mtoto wa Tukuyu ambaye hajavuka Uyole anaandika namna alivyoiona bahari. Simlaumu, ndicho alichoagizwa. Hata nikimpa mada ya nyumbani kwake, mara ya kwanza ataandika kama kijitabu cha Jiografia. Mwaka jana niliwaomba kidato cha kwanza waandike kuhusu kuchuma chai, zao ambalo wengi wao wanaliona wakifungua mlango. Kijana mmoja alianza hivi: "Chai ni zao la biashara. Chai ina faida nyingi. Chai huiletea nchi yetu fedha za kigeni. Chai hulimwa Rungwe, Mufindi na Njombe." Hakuna kosa la sarufi hata moja hapo. Kwa utaratibu wa zamani ningempa 14 kwa 20 na kuendelea na safari.

Badala ya alama nilimwandikia pembeni maswali matatu: Nani anachuma? Amevaa nini? Jani gani linakataliwa? Siku mbili baadaye akaleta hii, nami nainukuu kwa ruhusa yake: "Mama huamka giza bado lipo. Anafunga nailoni kiunoni juu ya kitenge, maana majani yamejaa umande na ukilowa asubuhi unatetemeka mpaka saa nne. Unachuma majani mawili na chipukizi lake. Ukichanganya na jani gumu, karani kwenye mizani anachambua, anatupa, na wewe ulishalibeba mgongoni." Ni mtoto yule yule, wiki ile ile. Msamiati huo alikuwa nao tangu mwanzo, isipokuwa hakujua kwamba shuleni unaruhusiwa. Tazameni hayo maneno ya mwisho, "na wewe ulishalibeba mgongoni". Siwezi kufundisha hilo ubaoni. Ninachoweza ni kumrudishia daftari akaliandike.

Kwa hiyo darasani kwangu kila insha inaandikwa mara mbili. Kaunta buku la utungaji tunaliandika upande wa kulia tu, ukurasa wa kushoto unabaki mweupe ukisubiri toleo la pili, ili yote mawili yaonekane kwa mkupuo. Alama inawekwa kwenye la pili. Kwa muhula hilo linamaanisha mada chache, labda nusu ya zile tulizokuwa tukitoa, na hapo ndipo ninapogombana na watu.

Mzazi akija shuleni anapekua daftari, akikuta kurasa nyeupe anauliza mwalimu analipwa kwa kazi gani. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, nao nimewaona wakihesabu mazoezi. Nawaelewa, kwa kuwa idadi ya mazoezi huonekana kwa jicho na uelewa hauonekani. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Mkondo mmoja una watoto 60. Kusoma insha moja kwa makini na kuandika neno la maana pembeni kunachukua dakika 5 kama mwandiko unasomeka. Hizo ni dakika 300, saa 5 kamili. Nina mikondo mitatu, kwa hiyo saa 15, nje ya vipindi, nje ya zamu, nje ya andalio la somo. Mwalimu anayeagizwa insha mpya kila wiki hawezi kuzisoma, atapitisha kalamu tu. Ataweka mistari chini ya makosa ya tahajia, aandike 11 kwa 20, basi. Mtoto anaangalia 11, anafunga daftari.

Ninachofanya kupunguza mzigo ni kutosahihisha kila kitu. Toleo la kwanza nasoma aya moja tu, ninayoichagua mimi, na nauliza maswali. Sigusi tahajia. Toleo la pili nashika aina moja ya kosa kwa darasa zima. Huku kwetu kosa la kwanza ni l na r, kwa kuwa Kinyakyusa hakina r. Mtoto anaandika "balabala", na akishachekwa kwa hilo anaanza kuweka r hata pasipostahili, anaandika "nimenunua karamu" akimaanisha kalamu ya kuandikia. Walimu waliosomea mikoa mingine huyaona makosa haya kuwa ni uzembe na huyakata alama moja moja mpaka mtoto anabaki na sifuri. Ni mazoea ya sikio, yanahitaji wiki zake maalumu za kusoma kwa sauti na imla, na yakichanganywa na makosa ya mpangilio wa mawazo mtoto hajui ashike lipi. Ukimwekea alama nyekundu 40 kwenye ukurasa mmoja hatajifunza 40, hatajifunza hata 1.

Kuna kazi moja ya kidato cha pili ambayo ningependa kila shule ya Nyanda za Juu Kusini iwe nayo, iwe ni Rungwe, Makete, Mufindi au Mbozi. Katika fasihi simulizi huwa tunawakaririsha watoto tanzu: ngano, vigano, visasili, vitendawili, methali. Wanataja zote, na mifano yao inatoka kitabuni. Mimi nawatuma kwa wazee. Waende na kalamu, wasikilize kwa lugha inayozungumzwa nyumbani, waandike maneno yenyewe ya mzee hata kama ni Kinyakyusa au Kindali, kisha waje kuyasimulia kwa Kiswahili. Kijana mmoja alirudi na ukurasa kuhusu wavulana wa rika moja ambao zamani walihama nyumbani kwa wazazi wao, wakajijengea vibanda mahali pao, wakawa wanarudi kwa mama zao kula tu. Babu yake alisimuliwa na baba yake. Wenzake walidhani anatunga. Hakutunga: Godfrey na Monica Wilson, watafiti waliokuja huku miaka ya 1930, waliandika kwa kirefu kuhusu vijiji hivyo vya rika vya Wanyakyusa. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, halafu akauliza kama anaweza kurudi kwa babu. Nikamwongezea maswali: wasichana waliishi wapi? Walipooa ilikuwaje? Toleo lake la pili lilifika kurasa nne, na hakuna aliyemwagiza kurasa nne.

Labda mtasema hayo ni mambo ya watoto wenye vipaji. Sikubaliani. Watoto wetu wana kazi nyingi jioni, wanakata majani ya ng'ombe, wanachota maji, wengine wanalea wadogo zao. Kwa sababu hiyo toleo la pili linaandikwa darasani, kipindi kizima cha dakika 40, kimya, mimi nikipita katikati ya madawati. Nyumbani nawapa kuuliza na kusikiliza tu, maana hilo linawezekana hata mtoto akiwa jikoni anamenya ndizi.

Tena kipindi cha Kiswahili sekondari kina uzito ambao hatuupi. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ghafla masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Kwa miaka miwili ya mwanzo anaandika Baiolojia na Jiografia kwa kunakili, kwa kuwa hana maneno ya kusema jambo lake mwenyewe. Mahali anapoweza kushika wazo zima, akalipanga, akalitetea, ni kwenye Kiswahili. Tukimnyima hapo naye ananakili, atajifunzia wapi kupanga hoja? Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa 2024, unataka umahiri, yaani mtoto aweze kufanya na si kutaja tu. Hata ule wa sekondari wa 2005 ulitaka hivyo hivyo. Kilichokwamisha ni namna tunavyopima, na hapo mwalimu mmoja wa Rungwe hana nguvu peke yake. Ningeomba wathibiti ubora wanapofungua daftari la utungaji waache kuhesabu mada, wachukue mada moja tu, walinganishe toleo la kwanza na la pili, waseme mtoto amesogea au hajasogea.

Nanyi, Mhariri, nina ombi. Tengeni nafasi mara moja kwa mwezi kwa insha ya mwanafunzi wa darasa la sita hadi kidato cha pili, mchapishe matoleo yote mawili, la kwanza na la pili, pamoja na maswali aliyoulizwa na mwalimu wake katikati. Msizipambe, wala msizirekebishe. Kidato changu cha pili kina insha za chai, za vijiji vya rika na moja nzuri mno kuhusu msiba wa jirani, na wenyewe wako tayari kuandika kwa makini zaidi wakijua kuna msomaji wa Songea au Mafinga atakayezisoma. Nikipata jibu lenu kabla muhula haujafungwa, nitazipiga picha kurasa zote mbili na kuwatumia.

Mwalimu wa Kiswahili,
Rungwe, Mbeya