Barua kwa mwanangu: ilivyofika sikioni

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliniuliza kwenye simu: "Mama, saratani ilikuwa ya titi, na titi lilishakatwa. Sikioni imefikaje?" Nikanyamaza. Sikuwa nakuficha, nilikuwa natafuta maneno.

Hii si saratani mpya, ni ileile. Chembe zake huingia kwenye damu zikasafiri, na mfupa wenye uboho huzipokea, maana damu humo hupita polepole. Mfupa unaozunguka sikio una sehemu ya namna hiyo, upande unaoelekea ndani ya fuvu. Saratani za mapafu, figo na tezi dume nazo huweza kufika huko, ingawa si jambo la kawaida. Hata ikiwa mfupani, madaktari bado wanaiita saratani ya titi na dawa wanazochagua ni za saratani ya titi. Nataka hilo ulielewe vizuri, kwa sababu mimi niliposikia "sikio" nilidhani nimeandikiwa ugonjwa wa pili, nikalia usiku kucha.

Ilianza kwa sikio kuziba, kisha likavuja maji. Nikapewa antibiotiki, nikamaliza, nikapewa tena. Simlaumu sana aliyenitibu, dalili zinafanana mno na maradhi ya kawaida ya sikio. Ila hakuniuliza kama nimewahi kuugua saratani, nami sikusema. Laiti ningesema! Ndipo asubuhi ile, napiga mswaki, maji yakanitiririka upande mmoja wa mdomo na jicho la kushoto likakataa kufumba. Wewe ulihofia kiharusi. Kumbe mshipa wa fahamu unaoendesha uso hupita ndani ya mfupa huohuo, kwenye mfereji mwembamba. Uvimbe ukiubana, uso unalegea. Picha ya CT ilionyesha mfupa ulivyolika, ya MRI ikaonyesha uvimbe ulikofika, na kinyama walichokata wakakipima ndicho kilichothibitisha.

Sasa naenda kwenye mionzi. Ni ya kupunguza uvimbe na maumivu. Haitaimaliza saratani, na daktari aliniambia hivyo waziwazi. Uso huenda ukarudi, huenda usirudi. Jicho nalitia matone mchana, usiku nalifunga lisikauke.

Sikio la kushoto halisikii tena. Ukija, kaa upande wangu wa kulia.

Mama yako