Springer mpaka Neel Gap mwezi wa tatu: jinzi acha nyumbani

Mdogo wangu nimekuelewa, ndo mara ya kwanza, unataka kutembea kipande cha Appalachian Trail, ile njia ndefu ya kutembea kwa miguu milimani kule Georgia, Marekani, toka mlima Springer mpaka Neel Gap, katikati ya Machi kwa siku tatu, na una pumu. Ni kama kilomita 50, inawezekana, ila mi ningeweka siku nne maana mwishoni kuna Blood Mountain, mita 1,359, na kule kushuka ndo kunamaliza magoti.

Mchana utatoka jasho halafu usiku maji yanaganda kwenye chupa, kwa hiyo nguo za pamba, jinzi ikiwemo, usibebe kabisa, zikilowa hazikauki, tafuta za sufu au poliesta. Filta ya maji lala nayo ndani ya begi la kulalia, ikiganda inapasuka kwa ndani na kwa macho huoni kitu, unakunywa uchafu tu. Ukilala kipande cha mwisho, kati ya Jarrard Gap na Neel Gap, msimu huo lazima uwe na kopo gumu la kuwekea chakula dubu asikifikie, ni sheria.

Mwenzako akitetemeka sana na ulimi unakuwa mzito, ujue baridi imemzidi, simameni hapohapo, mvueni nguo zilizolowa, mpasheni joto, pigeni 911, namba ya dharura ya kule. Na kwa pumu muone daktari kabla hujanunua chochote.