Daftari la Bluu la Mhudumu Wetu

Mmeuliza wiki hii: wakati wa korona, ni kitu gani kilisaidia kijiji chenu ambacho hutaki kisahaulike? Kwangu ni daftari la bluu la kurasa 96, lililokuwa mkononi mwa mhudumu wetu wa afya wa kujitolea.

Kwetu ni Ganze, upande wa bara wa Kaunti ya Kilifi, Kenya. Nafundisha gredi ya pili. Shule zilipofungwa Machi 2020 nilirudi kwa mama, na wanafunzi wangu hawakuingia tena darasani hadi Januari 2021. Miezi yote hiyo nilikuwa naongozana na mhudumu huyo nyumba kwa nyumba, nikimwandikia daftarini, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka.

Korona yenyewe hatukuiona sana mwanzoni. Tulichokiona ni watu kuiogopa zahanati. Aprili ile waliowekwa karantini walikuwa wakitozwa gharama za kukaa huko. Serikali ilikuja kuuondoa mzigo huo Mei, lakini habari ya kwanza ndiyo iliyobaki vichwani: ukienda na kikohozi, utachukuliwa, na familia itauza mbuzi kukulipia. Basi mtoto akichemka mwili alifungiwa ndani. Na mvua za masika zikinyesha kwetu, mtoto anayechemka mara nyingi ana malaria, ambayo haingoji.

Mhudumu alikuwa akisimama chini ya mkorosho, mbali na mlango. "Hodi hapa!" Na ndani wanajibu, "Karibu daktari, lakini usiingie." Wote walimwita daktari. Naye anasema, "Siingii, mwanangu. Nitolee mtoto nimwone kutoka hapa." Alikuwa haulizi korona kwanza. Aliuliza chakula, choo, mtoto amenyonya mara ngapi tangu asubuhi. Korona ilikuja mwisho, mtu akiwa ameshatulia. Redio ilituambia tunawe mikono kwa sabuni kila mara, nasi maji tunayafuata silangani, kwenye bwawa la maji ya mvua, dumu la lita 20 kichwani. Yeye hakumgombeza mtu. Alifundisha kutoboa jerikeni ndogo na kuifunga kamba ya kukanyagia, ili maji kidogo yatoshe watu wengi.

Sasa nieleze jambo ambalo bado linaniuma. Jioni ya kwanza ya kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, tarehe 27 Machi 2020, watu waliokuwa wakingoja feri Likoni, Mombasa, walipigwa na polisi na kurushiwa vitoa machozi. Video zilitufikia usiku uleule. Tangu hapo hakuna mwendesha boda aliyekubali kutoka baada ya saa moja jioni, hata kwa mgonjwa, ingawa wagonjwa wa dharura walikuwa wakiruhusiwa. Mwezi wa Mei jirani yetu alishikwa na uchungu saa tatu usiku. Alijifungulia nyumbani, na damu haikukatika. Tulikaa naye tukihesabu saa mpaka kumi na moja alfajiri. Alifika kituoni midomo imekuwa myeupe. Alipona, na mtoto yupo, lakini mimi usiku ule sijautoka.

Kesho yake mhudumu alinijia mapema. "Mwalimu, fungua daftari. Nisomee wote wenye mimba na miezi yao." Walikuwa 11. Aliwapitia mmoja mmoja, akawashawishi waume na mama wakwe kwamba ikibaki wiki mbili, mja mzito ahamie kwa ndugu aliye karibu na kituo cha afya. Wasio na ndugu aliwatafutia mwenyeji. Kisha akaenda kwa chifu na kumwombea mwendesha boda mmoja barua ya kuonyesha polisi usiku. Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa wa nne kwenye orodha ile. Alijifungulia kituoni.

Kwa wazee wa presha na kisukari alikusanya kadi zao na kumtuma kijana mmoja mchana akawachukulie dawa. Mama yangu hakukosa hata mwezi mmoja. Desemba 2020 wauguzi walipogoma nchini kudai vifaa vya kujikinga na bima, madai ambayo mimi naona yalikuwa ya haki, zahanati yetu ilifungwa, na kwa wiki kadhaa mlango pekee wa kubisha ulikuwa wa kwake. Chanjo zilipoingia nchini Machi 2021, usajili ulikuwa wa mtandaoni. Tuliwasajili wazee kwa simu yangu, tukiwa juu ya kilima, mahali panaposhika mtandao.

Kazi yote hiyo aliifanya bila mshahara. Posho ilikuwa ikitajwa mikutanoni, mkononi haikufika. Barakoa alishona mwenyewe kwa kitambaa cha leso. Nilikuwa naona aibu kupokea mshahara wangu wa ualimu nikiwa nyumbani, naye akirudi jioni miguu imejaa vumbi kwenda kutafuta unga. Wenye kupanga bajeti wakiulizwa nani alikuwa mstari wa mbele, wamtaje na huyu.

Tangu 2023 wahudumu hawa wamepewa mabegi ya vifaa na simu ya kuandikia, na malipo ya shilingi 5,000 kwa mwezi yanayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Daftari la bluu ameniachia mimi.

Jumamosi iliyopita alipita tena. Bado alipiga hodi akiwa chini ya mkorosho, mpaka mama akamwita ndani. Akamfunga kipimo cha presha mkononi, akasubiri. 150 kwa 90. "Mama, umerudia chumvi," akamwambia, akaingiza kwenye simu na kuendelea nyumba ya pili.