Ujira usilale kwako: mahubiri ya Jumapili kwenye kibanda cha cherehani

Mimi ni fundi wa nguo hapa Malindi, mtaa wa Maweni, na Jumapili kanisani hainipiti. Kwa miaka mingi nilikuwa natoka ibadani moyo umejaa, naimba njia nzima, na ikifika Jumatatu saa nne asubuhi sikumbuki hata mhubiri alisoma wapi. Naandika haya kwa sababu najua wapo wenzangu wanaobeba Biblia kila wiki na wanaona hawasogei.

Kilichonigeuza kilitokea mwezi wa Mei. Kusi limeshaingia, mvua haikatiki, watalii wameondoka. Mhubiri alisoma Kumbukumbu la Torati sura ya 24, pale Mungu anapoagiza kibarua alipwe siku iyo hiyo kabla jua halijatua, maana ni maskini na moyo wake unautazamia ujira huo. Akaenda Yakobo 5, ule mshahara uliozuiliwa unaopiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Nikaitikia amina kwa sauti. Nilikuwa namfikiria mwenye nyumba moja ya wageni, niliyemshonea mapazia tangu Februari na mpaka siku hiyo hajanilipa. Nikasema moyoni, laiti angekuwepo hapa ayasikie.

Kapu la sadaka likapita, nikatia bahasha yangu.

Kesho yake binti anayenisaidia kazi alichelewa. Kwa kawaida saa mbili anakuwa keshafagia na kutia mashine mafuta. Siku hiyo alifika saa tatu na nusu, leso imelowa chepe, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, akasimama mlangoni asiingie ili asichafue vitambaa. "Dada, nisamehe," akaniambia, "leo nimekuja kwa miguu." Kutoka Muyeye, kwenye mvua ile. Nilikuwa na deni lake la shilingi 1,400, malipo ya sketi za shule alizozipinda na kuzitia vifungo wiki mbili nyuma. Nauli yake ya tuktuk ilikuwa ndani ya bahasha niliyoitia kapuni jana yake.

Nilikaa kwenye stuli nikakosa la kusema. Anayedai ndiye aliyekuwa ananiomba radhi mimi ninayedaiwa.

Kwa hiyo nakuomba, neno likikupendeza sana kwa ajili ya mtu mwingine, jichunguze wewe kwanza. Mathayo 5 inasema ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, uende mpatane kwanza. Aya hiyo nilikuwa nimeisoma mara nyingi nikidhani ni ya watu waliogombana. Mimi na yule binti hatukuwahi kugombana hata siku moja.

Siku hizi sijaribu kuyabeba mahubiri yote. Nachukua jambo moja, nalifungamanisha na mtu mmoja ninayemjua kwa jina, nalipangia na siku ya kulitenda. Jumatatu nikifungua kibanda, nashika chaki ya kukatia nguo, naandika neno moja kwenye kadibodi iliyo ukutani mbele ya cherehani. Wiki ile niliandika UJIRA. Mguu uko kwenye kanyagio, kitambaa kinakwenda, na kila nikiinua macho kubadilisha uzi nakutana nalo. Daftari nililijaribu zamani, lakini daftari hufungwa.

Halafu pesa. Kutubu kulinitoa machozi, hakukunipa shilingi 1,400. Nililipa lile deni kwa mafungu matatu, kisha nikabadilisha hesabu zangu. Mteja akitoa arubuni, fungu la msaidizi natenga papo hapo kwenye mkebe wa maziwa, kabla sijanunua uzi wala zipu. Saa ya kulipa ni adhana ya Magharibi. Msikiti uko nyuma yetu. Adhana ikilia tunahesabu kazi ya siku, nampa chake, tunafunga.

Mzee anayeuza madafu pale jirani aliona mtindo huu akaniuliza, nikamweleza. Akaniambia, "Mwanangu, hata sisi Mtume ametwambia, mpe kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka." Tangu hapo, jioni nikizama kwenye kazi, yeye ndiye hunigongea ukuta. Mkristo kukumbushwa Torati na jirani yake Muislamu, mimi nahesabu hiyo ni neema ya kuishi mji huu.

Zipo siku mkebe hauna kitu. Siku hizo nasema asubuhi, kabla binti hajashika sindano: leo sina, ukiona heri urudi nyumbani, rudi. Kumwambia mtu hivyo jioni, mgongo ushamuuma, ni dhuluma hata ukiisema kwa upole.

Kuna jambo siwezi kulipita kimya, sisi watu wa Kilifi hasa. Mwaka 2023 huko Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wale nao walikuwa wanayatenda mahubiri. Kwa hiyo ukitoka kanisani, fungua Biblia mwenyewe. Watu wa Beroya, Matendo 17, walimsikiliza Paulo kwa moyo wote na bado wakayachunguza Maandiko kila siku kuona kama mambo ndivyo yalivyo, na wakasifiwa kwa hilo. Mhubiri akikutenga na jamaa zako, akikukataza hospitali, akikuondolea watoto shule, usitende. Uliza, na umuulize mtu wa nje ya kanisa hilo.

Yule wa mapazia nilimwendea tena, safari hii bila maneno makali, kwa kuwa nilishajua deni linavyoweza kumlalia mtu asiye mbaya. Alinipa nusu.

Jumapili iliyopita somo lilikuwa msamaha. Kwenye kadibodi sikuandika neno, nimeandika jina la wifi yangu wa Mambrui, tusiyesemezana tangu matanga ya mama mkwe. Leo ni Jumatano na jina bado lipo. Kesho nafunga kibanda saa saba, nivuke mto Sabaki kabla ya matatu kujaa.