Maswali ya Wasomaji: Nimerudi nyumbani, najiona mgeni

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya kuishi Ujerumani kwa miaka mingi, nimerejea Dar es Salaam. Nashangazwa na mambo ambayo wenzangu hawayatazami hata mara moja: muuza mihogo analipwa kwa simu, umeme unanunuliwa kidogo kidogo, na jirani ananunua mafuta ya kula ya kupimiwa ilhali ukipiga hesabu chupa nzima ni nafuu zaidi. Nikitaja mambo hayo naambiwa najifanya Mzungu. Je, ninyamaze?
Msomaji, Tabata

JIBU: Usinyamaze, ndugu yetu, ila kwanza tenganisha yaliyobadilika ulipokuwa mbali na yale uliyoyaacha hapa hapa bila kuyatazama. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku Juni 2019, na treni ya umeme ikaanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024. Kuyashangaa hayo hakumuudhi mtu, hasa ukizingatia kwamba umetoka nchi ambayo wengi bado wanapenda kulipa fedha taslimu.

Mafuta ya kupimiwa ni habari nyingine, kwa sababu yalikuwapo kabla hujaondoka. Hesabu yako ni sahihi, lakini inamhusu mtu mwenye fedha ya chupa nzima kwa wakati mmoja. Dereva wa bodaboda ambaye pikipiki si yake hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku, na kinachobaki ndicho kinachonunua unga, mboga na mafuta ya usiku huo. Akiifungia fedha yote kwenye chupa, unga utanunuliwa na nini? Isitoshe, mwenye duka anayempimia ndiye huyo huyo anayemwandikia deni kwenye daftari siku mvua inaponyesha na abiria hakuna.

LUKU nayo hufuata mwendo huo wa kipato. Umeme hulipiwa kabla ya kutumiwa, na mwenye shilingi elfu mbili hununua uniti za elfu mbili. Ukikatika usiku, mtoto aliyeko Mwanza anaweza kumnunulia mama yake aliyeko Tabata na kumtumia zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Binafsi naona ustadi mkubwa hapo.

Nadhani utakutana pia na ombi la kutuma fedha "na ya kutolea", nawe pengine utalidhania kuwa ni tamaa. Wakala anapomtolea mtu fedha, ada hukatwa kwa mpokeaji, kwa hiyo shangazi uliyemwahidi shilingi elfu hamsini hatazishika zote mkononi usipoongeza kiasi cha makato. Anachokuomba ni kutimiza ahadi kama ulivyoitamka. Desturi hii imekua pamoja na huduma yenyewe, na aliyekuwa ng'ambo wakati huo hakupata wa kumfundisha.

Kuhusu kuambiwa unajifanya Mzungu, nashuku kinachowaudhi ndugu zako ni ile sentensi inayoanza na "kule Ujerumani". Iache, kisha muulize jirani kwa nini ananunua anavyonunua. Atakueleza kwa kirefu, na huenda akakutuma dukani ukamchukulie mafuta ya mia tano.